"Alimwangalia tu, akarukiwa": skizofrenia, kusoma nyuso na ugomvi

#1 MuuguziUyole

Wakuu salaam. Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela.

Ikitokea mgonjwa wa akili kamvamia mtu, ukiuliza chanzo utaambiwa: "Hakufanyiwa kitu. Jamaa alimwangalia tu." Nimekaa wodi ya akili huku Nyanda za Juu Kusini miaka kadhaa na maneno hayo nimeyasikia kwa ndugu, kwa mgambo, kwa wenyeviti wa mitaa. Naomba leo tukae hapo hapo kwenye "alimwangalia tu".

Skizofrenia wengi tunaijua kwa vituko vyake: mtu anasikia sauti, anaongea peke yake, anaamini anafuatwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 24 wanaishi nayo, karibu mtu 1 katika kila 300, kwa hiyo sidhani kama kuna kata huku isiyo na wagonjwa wake. Upande mmoja wa ugonjwa huu hausemwi sana. Wengi wao wanapata tabu kusoma hisia kwenye uso wa mwenzao. Macho ni mazima, na anajua fika kwamba wewe ni shangazi yake. Kinachomshinda ni kujua kama shangazi kakasirika, kaogopa, ana huzuni au kachoka tu na shamba.

Si kila hisia inawapa tabu sawasawa. Tabasamu wanalikamata kirahisi zaidi. Kwenye hofu, hasira, huzuni na kinyaa ndiko wanakopotea. Halafu kuna uso usio na kitu, ule wa mtu anayesubiri daladala pale Kabwe na mawazo yake. Wapo wanaouona umebeba ubaya. Mwaka 2010 Christian Kohler na wenzake wa Philadelphia walikusanya tafiti 86 za jambo hili, na tofauti kati ya wagonjwa na watu wengine ilikuwa kubwa.

Sasa chukua mtu ambaye tayari anaamini majirani wamepanga kumwekea sumu. Sauti zinamwambia ajihadhari. Anafungua mlango, jirani mwenyewe huyo hapo, kanuna kwa sababu jino limemkesha. Kwa jirani ni jino. Kwa mgonjwa ni uthibitisho wa kile alichokuwa anakiwaza usiku kucha.

Ila msikimbilie kusema kusoma uso vibaya ndiko kunakoleta fujo. Hilo lina utata wake na nitarudi. Kwanza wenye ndugu nyumbani wazungumze.

#2 BodaMwanjelwa

Mkuu, kwa Mbeya hii mwezi wa sita na wa saba nani anasomeka uso? Mzula mpaka puani, koti, helmeti juu. Hata mimi mwenye akili zangu, abiria akiniita saa kumi na moja alfajiri sijui kama anataka kwenda stendi au anataka kunipora 😂

#3 FundiMafinga

Mleta mada unawatetea sana. Mimi nilipigwa jiwe na mtu ambaye kijiji kizima tunamjua, na wala sikumwangalia, nilikuwa nimempa mgongo napiga randa mbao zangu. Mgongo una sura? Wapelekwe hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, wakae huko, sisi tufanye kazi.

#4 DadaWaTukuyu

Fundi pole kwa jiwe. Mimi nina mdogo wangu wa kiume mwenye ugonjwa huu, nakaa naye nyumbani, kwa hiyo nitasema ninachokiona.

Kuna siku nilikuwa jikoni namenya ndizi. Kuni mbichi, moshi umejaa, macho yananitoka machozi na uso nimeukunja. Yeye kasimama mlangoni ananitazama muda mrefu. Mara: "Dada, nimekukosea nini?" Nikamwambia hujanikosea kitu. Hakuniamini. "Mbona unanililia kama vile nimeshakufa?" Sauti ilianza kupanda, na mkono aliokuwa ameshikia mwimo wa mlango ukawa unatetemeka. Nikasukuma kisu chini ya beseni, nikatoka nje, nikamwambia, "Ni moshi, baba. Ingia wewe uone." Akaingia. Akatoka naye analia machozi, akacheka mwenyewe. Tukamalizia ndizi.

Siku nyingine haikuisha hivyo. Alivunja kabati la vyombo lote, akamtishia mama. Lakini siku hizo alikuwa ameacha dawa, na vijana wa pale njia panda walikuwa wanampa bangi. Ndiyo maana sijui niseme tatizo ni uso au ni bangi.

#5 MuuguziUyole

Dada umegusa penyewe. Na Fundi, mgongo hauna sura, hapo umenipata, na ndiyo maana sisemi kila fujo inaanzia usoni. Wapo wanaopiga kwa sababu sauti imewaamuru. Wapo wanaopiga kwa hofu, wakiamini wanajiokoa. Wapo wanaopiga kwa ulevi kama ambavyo mlevi yeyote wa kilabuni angepiga.

Nianze na ulevi maana ndio wenye uzito. Marekani kuna utafiti wa MacArthur uliochapishwa mwaka 1998, uliowafuata watu waliotoka hospitali za akili wakiwa na magonjwa ya aina mbalimbali. Kwa Pittsburgh wakawalinganisha na majirani zao wa mitaa ile ile. Wale ambao hawakuwa na tatizo la pombe wala dawa za kulevya hawakuwa wagomvi kuliko majirani. Mwaka 2009 Seena Fazel wa Oxford na wenzake wakajumlisha tafiti za skizofrenia na magonjwa ya jamii hiyo. Ugonjwa wenyewe ulionekana kuongeza hatari ya ukatili kiasi fulani, hilo lisifichwe. Lakini ukichanganyika na ulevi hatari inapaa, mpaka inafanana na ya mtu mwenye ulevi huo huo asiye na ugonjwa wa akili. Sasa kaa hapo na ulanzi wetu wa masika Iringa, komoni za Mbeya, na hiyo bangi ya njia panda aliyoisema dada, ambayo mbali na kuleta fujo inaamsha ugonjwa uliokuwa umelala.

Kuhusu dawa: mwaka 2014 Fazel huyo huyo na wenzake walitumia kumbukumbu za nchi nzima ya Sweden. Vipindi ambavyo wagonjwa walikuwa wanatumia dawa za saikosisi, yaani za kutuliza hizo sauti na imani za kufuatwa, makosa ya ukatili yalikuwa pungufu kwa 45% kuliko vipindi ambavyo watu hao hao hawakuwa wanatumia.

Halafu Mirembe. Ipo tangu miaka ya 1920, na haiwezi kumeza wagonjwa wa nchi nzima. Isanga, hapo hapo Dodoma, ni kwa wale wanaoletwa na mahakama, kwa mfano mshtakiwa wa mauaji anayetakiwa kupimwa akili. Huyo wa kijijini kwako anahitaji sindano yake kwenye hospitali ya karibu, na mtu wa kumkumbusha. Tena wao ndio wanaopigwa zaidi kuliko wanavyopiga. Wanaoletwa wodini na majeraha ya wananchi wenye hasira ni wengi kuliko mnavyodhani.

#6 KijanaWaForest

Nasoma saikolojia, niongezee nyama kidogo kwenye uso maana mkuu kaukimbia.

Ungetegemea wagonjwa wenye historia ya ukatili wawe wabovu zaidi kusoma nyuso kuliko wagonjwa wapole, sivyo? Mwaka 2005 Henry Silver na wenzake wa Israeli walilinganisha makundi hayo mawili. Waliokuwa na historia ya ukatili mkubwa walizitaja hisia VIZURI kuliko wapole. Walipoanguka ni kwenye kupima kiasi: uso huu umekasirika kidogo au sana? Tafiti nyingine zimekuja na majibu tofauti, kwa hiyo msibebe huo mmoja kama msahafu. Lakini mimi naona umesema kitu. Kwenye ugomvi wa kawaida, mtu anakunja uso kidogo, wewe unapunguza sauti, naye anashuka. Ngazi zile ndogondogo ndizo zinazozuia ngumi. Kama kwako kukerwa kidogo na kukasirika sana vinaonekana sawa, utarusha ngumi wakati mwenzako alikuwa bado anatafuta maneno.

Kwa nini wanakosea? Moja ni namna macho yanavyotembea. Vipimo vya kufuatilia macho vinaonyesha wengi wao hawatui sana kwenye macho na mdomo wa mtu, ambako ndiko hisia zilipo. Wanaganda sehemu moja au wanarandaranda pembeni. Mbili ni amigdala, kiungo kidogo ndani ya ubongo kinachoshughulika na vitisho. Kuna mama mmoja Marekani, hana skizofrenia, ila amigdala zake zote mbili ziliharibika, akawa hatambui uso wenye hofu. Mwaka 2005 Ralph Adolphs na wenzake wakagundua kwamba hakuwa anayaangalia macho. Wakamwambia, "Angalia macho." Akaanza kuitambua hofu. Walipoacha kumkumbusha, akarudi kule kule.

Sasa dukuduku langu. Picha zinazotumika sana kwenye vipimo hivi ni za Paul Ekman za mwaka 1976: furaha, huzuni, hasira, hofu, kinyaa, mshangao. Watu wa picha zile ni Wazungu karibu wote, na hisia wamezitengeneza kwa ajili ya kamera. Ekman alikwenda mpaka Papua New Guinea miaka ya 1960 kuonyesha kwamba nyuso zinafanana duniani, sawa. Lakini inajulikana pia kwamba watu husoma vizuri zaidi nyuso za watu wao. Mgonjwa wa Chunya akikosea picha ya mwanamama wa California, nimeandika nini hapo?

#7 MzeeKihesa

Vijana wangu, mmesema mengi ya vitabu. Kwetu mtoto akizungumza na mkubwa anainamisha macho. Kwa jirani zetu Wanyakyusa nimeona mkwe wa kike anaacha njia kabisa baba mkwe akipita. Sasa huyo mtaalamu akimkuta binti anaangalia vidole vyake, si atamwandikia ugonjwa?

La pili. Mpwa wangu tulimzungusha kwa waganga, wakasema ni mapepo, akafungwa mnyororo mguuni kwenye nguzo ya zizi. Alikuwa haoni uso wa mtu zaidi ya anayemletea ugali. Alipofunguliwa alikuwa mkali kuliko alivyofungwa. Hilo mnalielezaje?

#8 KijanaWaForest

Shikamoo mzee. Hilo la kwanza ni zito na ndilo ningetaka mwalimu wangu alisome. Mtu aliyelelewa kutotazama wakubwa usoni ana mazoezi machache ya nyuso za wakubwa, ila za wenzake wa rika anazijua. Ukimpima kwa daktari mzee mwenye koti jeupe unapima adabu yake. Apimwe na kijana mwenzake.

#9 MuuguziUyole

Mzee wangu shikamoo, na pole kwa mpwa wako. Sitagombana na mtu kuhusu mapepo; wapo wanaotaka kuombewa, waombewe, dawa ziendelee. Ila mnyororo hapana. Mtu anayehisi dunia nzima imemgeukia, ukimfunga nguzoni umemhakikishia. Na ukimtenga na watu, hata ule uwezo mdogo wa kuwasoma unazidi kufifia kwa kukosa mazoezi. Huo ukali aliotoka nao mimi haunishangazi.

Kuhusu adabu ya macho nakubali kabisa. Wodini simwamrishi mtu aniangalie.

#10 MamaIlula

Samahani wanangu, mimi naleta la upande wa pili. Wa kwangu wala hapigi mtu. Shida ni sura yake. Baba yake alipofariki alikaa msibani siku zote hajadondosha chozi, uso mkavu kama ubao. Watu wakasema maneno mabaya sana, kwamba anajua kilichomuua baba yake. Shemeji zangu mpaka leo hawamsalimii. Lakini usiku nilimsikia chumbani anamwita baba yake.

#11 MuuguziUyole

Mama, pole sana. Nashukuru umelileta, maana mada nzima tumekaa tukizungumza mgonjwa anavyotusoma sisi, tukasahau sisi tunavyomsoma yeye. Na sisi ndio tunaokosea zaidi.

Skizofrenia inaweza kuukausha uso na kuifanya sauti iwe ya mstari mmoja, huku ndani hisia zipo. Wagonjwa wa namna hiyo wakionyeshwa kitu cha kuhuzunisha huwa wanasema wameumia kama mtu mwingine yeyote, uso tu ndio hausogei. Hiyo ni dalili ya ugonjwa kama homa ilivyo dalili ya malaria, na haina uhusiano na uchawi wala roho mbaya. Juu yake zinakuja dawa zenyewe. Haldol, Largactil, sindano ya Modecate, hizi za zamani ambazo ndizo tunazozipata kirahisi, zinaweza kukaza misuli: uso unakuwa kama barakoa, anatembea bila kurusha mikono, mate yanamtoka. Mwenye macho ya haraka anaona mtu mkatili. Mwenye kujua anaona dozi ya kuangaliwa upya.

Mama, kama kuna mkubwa wa ukoo anayesikilizwa, mwombe aje kliniki mara moja amsikie mhudumu akieleza mbele ya kijana. Maneno kama haya yakitoka kwako wataona unamtetea mwanao.

#12 FundiMafinga

Sawa, nimesoma yote. Msimamo wangu kuhusu jiwe uko pale pale, aliyenipiga angeweza kuniua. Ila nisaidieni kitu cha kufanya, maana huyo mtu bado anapita karakanani kwangu kila asubuhi. Nicheke? Ninune? Nijifanye simwoni?

#13 MuuguziUyole

Usifanye sinema yoyote, Fundi. Kumchekea mtu asiyejua kusoma nyuso anaweza kuona unamcheka yeye. Kujifanya humwoni ni ule ule uso mtupu tuliousema juu. Tumia mdomo. "Habari za asubuhi, fulani. Nimenuna kwa sababu ya hii mbao, si kwa sababu yako." Utajiona mjinga siku za mwanzo, lakini unamwondolea kazi ya kubahatisha. Alichofanya dada wa Tukuyu jikoni ndicho hicho: aliweka kisu mbali, akatoka sehemu ya kubanana, akaitaja sababu ya uso wake kwa maneno, kisha akamwacha ahakikishe mwenyewe. Wauguzi wanafundishwa hayo darasani, yeye kayafikia kwa moshi.

Simama ubavuni, usimkabili kifua kwa kifua. Mwache awe na njia ya kutokea. Usinong'one na mteja ukimtazama yeye. Na randa yako, patasi, nyundo, kama siku hiyo anaonekana kabadilika, viwe ndani. Kubadilika kwenyewe utakujua: halali, haogi, anazungumza na watu usiowaona kwa hasira, anataja jina lako. Hapo uso wako hausaidii kitu. Mtafute ndugu yake na mtendaji, apelekwe hospitali, na akishindikana polisi wasindikize. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inajua mambo hayo. Usisubiri jiwe la pili.

#14 BodaMwanjelwa

Hivi kusoma uso kunafundishika? Au ndiyo basi tena?

#15 KijanaWaForest

Kunafundishika. Ujerumani, pale Düsseldorf, Wolfgang Wölwer na Nicole Frommann walitengeneza mafunzo ya vipindi 12. Wagonjwa wanakaa wawili wawili na mwalimu mmoja. Wanaanza na vipande: nyusi zimefanyaje, pembe za mdomo ziko wapi, macho yamefunguka kiasi gani. Wanayataja kwa sauti, wanayaigiza, halafu ndipo wanaunganisha uso mzima na hali iliyopo. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha waliopitia mafunzo waliboreka kusoma nyuso, wakati walioendelea na matibabu ya kawaida hawakusogea. Maana yake dawa inanyamazisha sauti lakini haikufundishi uso. Kama mafunzo hayo yanapunguza na ngumi, hilo ni dai lingine, mimi silisemi.

Kwa huku kwetu naona mtu angeweza kuanza na picha za simu za watu wa nyumbani kwake. Mama akiwa amechoka, mama akiwa amekasirika, dada akiwa na moshi machoni. Hazihitaji kompyuta wala California.

#16 DadaWaTukuyu

Hilo la picha nitajaribu. Nitampiga picha na yeye pia, aone uso wake ukoje siku akiwa salama.

Kaka muuguzi, swali la mwisho. Huyu wangu sindano ya mwezi anaikimbia kwa sababu baada ya siku mbili tatu anakakamaa shingo na ulimi unakuwa mzito. Anasema tunamuua polepole. Nimlazimishe?

#17 MuuguziUyole

Usimlazimishe, dada. Anachosema ni kweli kinamtokea, na ukimwambia "unajifanya" ndiyo utakuwa umejiunga na wale anaowaogopa. Kukakamaa huko kuna dawa yake, mara nyingi tunatoa Artane, au dozi inashushwa, au anabadilishiwa kabisa. Shingo ikikaza hadi kichwa kinageuka upande au koo linabana, usisubiri tarehe ya kliniki, mlete siku hiyo hiyo.

Mje naye na kadi yake, na bangi uitaje mbele ya mhudumu bila kuficha. Njiani mweleze mnakwenda wapi na kufanya nini, hata kama kauliza mara kumi. Ukifika pale dirishani na foleni ni ndefu, mtu akamtazama vibaya, mtoe nje mkae kwenye benchi la jua, umwambie kwamba yule aliyenuna naye anaumwa.